Jinsi ya Kupanga Nyumba Baraka Ukiwa na Deni la Wakati wa Zaire

Mwongozo huu ni wa aliyerudi. Ulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vya Laurent Kabila vilipofika Fizi. Ukakaa kwenye kambi ya Lugufu au Nyarugusu, ukala mahindi ya mgao mpaka ukayazoea. Labda baadaye ndege ikakubeba hadi Louisville au Houston. Sasa umerudi Baraka na mabegi mawili, unatafuta vyumba viwili na sebule, mabati yasiyovuja, na choo ambacho hakitumiwi na mtaa mzima. Unadhani wewe ndiye unayetafuta. Kuna watu wamekuwa wakikutafuta wewe kwa karibu miaka 30.

Anza kwa kusahau ulichojifunza ughaibuni. Kule Marekani mkimbizi alifika tayari akiwa na deni: Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilimkopesha tiketi ya ndege bila riba, naye alianza kulipa baada ya miezi sita. Akilipa vizuri, jina lake hunawiri kwenye kompyuta, na mwenye nyumba asiyemjua hata kwa sura humkabidhi ufunguo. Ile barua ya kuthibitisha kwamba ulilimaliza deni la tiketi, njoo nayo tu. Sokoni Baraka itafaa kufungia karanga.

Kumbukumbu za hapa anazo mama muuza ndagala, na hazihitaji umeme. Anakumbuka vipimo vya mkopo vilikuwa vinne. Anakumbuka mvua ilikuwa inaanza. Anakumbuka marehemu mama yako alivyosema, "Nitaleta Jumamosi, dada yangu." Jumamosi ilipofika, ninyi mlikuwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

Mtafute komisioneri. Huyu ni kijana atakayekuonyesha nyumba tatu mbovu ili ya nne uione nzuri, na malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja. Usimtajie jina la baba yako. Si kwamba itasaidia: ameshausoma uso wako, na kabla jua halijazama habari zako zitakuwa zimefika kijiji cha Sebele. Viatu vyeupe viache begini, maana ukivivaa bei inahama kutoka kwenye faranga kwenda kwenye dola. Mashirika ya misaada yametuharibia wenye nyumba. Kila mwenye geti la chuma anasubiri mpangaji mwenye gari jeupe na antena ndefu, na wewe ni wa kumpunguzia upweke wakati anasubiri.

Garanti, yaani amana ya nyumba, isikusumbue. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Isome kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Atakusikiliza hadi mwisho, atakisifu Kifaransa chako, kisha atadai miezi sita.

Sasa tufike kwenye shahidi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mkataba utaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na mwenye nyumba atataka mtu mzima anayekujua aje atie sahihi mbele ya shefu wa kartie. Mtu anayekujua! Vijana waliozaliwa baada yako hawakujui. Uliosoma nao wako Lusaka, Bujumbura, Texas au kaburini. Wanaobaki, wanaokukumbuka vizuri, kwa jina la ukoo na kovu la gotini, ni wale wanaoidai familia yenu. Huwezi kumpata mdhamini bila kumpata mdai. Ni mzee yuleyule, kiti kilekile, chini ya veranda ileile.

Nenda ukamwone asubuhi, usiende mikono mitupu. Sukari kilo mbili na sabuni vitatosha kufungulia maneno. Usitangulie kutaja deni. Yeye naye hatalitaja. Mtaongelea marehemu mpaka chai ipoe, ndipo atakapouliza kama baba yako aliwahi kukusimulia habari za wavu.

Alikusimulia. Baba alichukua wavu kwa mkopo wa zaire mpya milioni mbili. Nawe umejiandaa, maana usiku kucha ulikuwa unapiga hesabu: mwaka 1998 faranga ya Kongo ilipoingia, zaire mpya laki moja ziligeuzwa faranga moja. Kwa hiyo milioni mbili ni faranga 20, fedha ambayo leo hainunui hata pipi. Unatoa noti ya faranga 50, unamwambia mzee abaki na chenji.

"Mwana wetu," atasema bila kuigusa, "baba yako hakubeba makaratasi. Alibeba wavu."

Halafu ataanza hesabu yake. Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Wavu ule ungetoka kila giza la mwezi. Katika kila mwezi kuna siku za giza ngapi? Kwa mwaka? Tangu 1996? Hapo mjukuu wake ataletwa na simu yenye kikokotoo, na wewe utaelewa kwa nini ndugu zako wa Houston hutuma pesa lakini hawaji. Usibishane na hesabu. Bishana na kipimo. Kwa uzoefu wa wengi, mazungumzo huanzia kwenye boti yenye mashine na hutulia kwenye mbuzi mmoja na gunia la mchele. Mbuzi akishafungwa kwenye nguzo, mzee ataiomba kalamu ya kutia sahihi yeye mwenyewe.

Kuna atakayekushauri uondoke usiku. Che Guevara alifanya hivyo: alikaa milima hii ya Fizi miezi saba mwaka 1965, akavuka ziwa gizani kwenda Kigoma, wala sijasikia aliyemdai kodi. Lakini yeye hakuwa na nia ya kurudi kuzika mtu hapa.

Jambo la kiwanja nalo. Tangu meli zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma mwaka 2005, wengi walikuta viwanja vyao vina wenyewe wapya: hiki kimeuzwa na jirani, kile kimetolewa na shefu, kingine kimekaliwa na mtu aliyekimbia kwake kama wewe ulivyokimbia kwako. Basi usishangae nyumba nzuri kuliko zote utakazoonyeshwa ikiwa imesimama chini ya mwembe uliopandwa na babu yako. Kesi ya kiwanja inaweza kukuzika, na mvua haisubiri hukumu. Panga kwanza, lakini maembe yaandikwe kwenye mkataba.

Na kabla hujalipa, chunguza ukoo wa mwenye nyumba kama wao walivyouchunguza wako. Mwaka ule wa 1996 kila aliyevuka alivuka kwa chombo cha mtu. Ukigundua lolote, lifiche. Subiri garanti ihesabiwe, shahidi atie sahihi, shefu apige muhuri. Ndipo uulize, kwa upole, ukiwa umeshashika ufunguo, ule mtumbwi wa baba uliowapeleka watoto wao Kigoma ulirudishwa lini.