Nani Kamnenepesha Mwalimu?

Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam, usiku wa Desemba 31, 2012, sebuleni kwangu hajapita mtu mwembamba. Wasoma habari wanene, wanamitindo wa Paris wanene, marefa ndio usiseme. Kila Oktoba 14, zinaporudiwa hotuba za zamani za Mwalimu Nyerere, mzee ambaye nchi nzima inajua hakuwa na kitambi, anatokea kwangu na mashavu ya mtu aliyekula kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo.

Chanzo nakijua, na ndicho kinachoniudhi zaidi. Picha za zamani zina uwiano wa 4 kwa 3, skrini za sasa ni 16 kwa 9. Ukiivuta picha ya zamani ijae skrini mpya bila kugusa kimo chake, kila kiumbe kinaongezeka upana kwa theluthi moja. Dawa ipo. Unaingia kwenye mipangilio ya kisimbuzi, unachagua picha ibaki na umbo lake, pembeni inabaki mistari miwili myeusi, kwisha. Kwisha kama unaishi peke yako.

Mimi naishi na mama mkwe. Alikuja mjini kutibiwa macho. Macho yakapona, kwaya za zamani za Jumapili zikamshika.

"Baba Neema," aliniita, kwa upole wa mtu anayejua huwezi kumjibu, "hii TV mlinunua yote, au mlinunua ya katikati?"

"Yote, mama. Ila kwaya yenyewe ndivyo ilivyopigwa picha."

"Sawa, baba. Lakini hela si mlitoa ya yote?"

Nikasikia mtu anacheka jikoni. Mistari ikaondoka, kwaya ikanenepa.

Kuna chaguo la kukuza, lakini hilo halinenepeshi, linachinja. Robo ya picha inakwenda na maji: juu vinaondoka vichwa vya sauti ya tatu, chini linaondoka jina la kwaya. Na kila chaguo, ewe msomaji, lipo mara mbili. Kisimbuzi kina rimoti yake na menyu yake ya umbo la picha, televisheni ina rimoti yake na menyu yake ya jambo lilelile, na hao wawili hawajawahi kukaa kikao. Kisimbuzi kikidhani bado kimeunganishwa na televisheni ya zamani ya chogo, kinatia mistari juu na chini. Televisheni ikiipokea picha hiyo inaongeza ya kushoto na kulia. Unabaki na kipicha katikati, mithili ya picha ya pasipoti kwenye ubao wa matangazo.

Ukimwita fundi wa mtaani, umbo la picha haligusi. Yeye anapandisha rangi mpaka mwisho, anapandisha ukali wa picha mpaka mwisho, nyasi za Uwanja wa Mkapa zinawaka, kila mchezaji anazungukwa na kiuzi cheupe. "Bosi, sasa hiyo ni HD." Ukali ule hauongezi chochote kilichokosekana kwenye picha, unachora tu kingo upya kwa wino mkali, lakini hebu jaribu kumweleza mtu aliyekwisha kunyoosha mkono kupokea hela.

Sauti nayo ina kesi yake. Filamu nyingi hurushwa na sauti ya njia sita, na maneno ya waigizaji huwekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Sisi spika ya katikati hatuna. Tuna sabufa ya Kariakoo, iliyonunuliwa kwa ajili ya bongo fleva, ambayo kazi yake kubwa ni kutikisa vikombe kabatini. Kwa hiyo wapenzi wakinong'onezana hatuambulii neno, mlango ukibamizwa jirani anauliza kulikoni. Kwenye menyu ya sauti kuna stereo, ambayo hukilazimisha kisimbuzi kuyagawa yale maneno ya katikati kwa spika mbili tulizonazo. Naiweka. Asubuhi nakuta imeondolewa, kwa sababu kijana wangu ameona chaguo jingine lina jina refu, na kwake yeye jina refu ndiyo ubora.

Halafu sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye sabufa hufika kabla ya picha, maana televisheni huichakata picha kwanza. Mtu anakana kosa kabla hajafungua mdomo. Wataalamu wa ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, walishalipima jambo hili: sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu mtazamaji anaanza kushtuka, ila ikichelewa anaweza asigundue mpaka ifike 125 hivi. Sishangai, nje ya televisheni shoka hutua kwanza ndipo kishindo kije. Kisimbuzi changu kina sehemu ya kuichelewesha sauti. Wameificha ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, chini ya lugha, mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu angeitafuta.

Basi nikakimbilia maandishi ya chini. Mimi nimekulia vibanda umiza, ambako Lufufu alikufasiria filamu nzima kwa mdomo wake na kukuongezea na ya kwake juu. Hakuna aliyeniuliza napenda herufi za rangi gani. Sasa naulizwa. Ndogo hazisomeki kutoka kwenye kochi, kubwa zinamziba msemaji mdomo. Nyeupe zikikutana na kanzu nyeupe, hakuna tafsiri wala kanzu. Nikaziwekea kivuli cheusi nyuma, zikasomeka vizuri kabisa.

"Baba Neema, ule mstari mweusi umerudi. Safari hii umeuweka chini."

Nikauondoa. Jioni hiyo kwaya ya Kikristo ya miaka ya 90 ilikuwa inaanza na umeme ulikuwa wa mashaka, nikaona niirekodi. Mama mkwe akanishika mkono.

"Usirekodi sasa hivi, watatoka wanene."

Nilimweleza polepole. Kisimbuzi kinayahifadhi matangazo kama yalivyoshuka kutoka angani. Unene ni jambo la wakati wa kutazama, unaweza kuuweka na kuutoa hata mwakani. Akaliangalia lile boksi kwa muda.

"Kwa hiyo humo ndani wamo wembamba?"

"Wamo, mama."

"Basi waache wapumzike humo humo. Mimi niongezee sauti kwa hawa."

Nikachukua rimoti ya kisimbuzi. Ilikuwa inatakiwa ile nyingine.