Mwisho wa Mwezi Upi?

Kamisheni siiogopi. Mtu akiniambia kwamba kila hereni itakayouzwa kwenye meza yake atakata asilimia thelathini, namheshimu, maana amenikata huku akinitazama. Ninayemwogopa ni yule anayesema kwa sauti ya upole, "Fundi wangu, wewe leta tu mali, pesa tutaongea mwisho wa mwezi." Mwezi upi, hasemi. Mwenye nyumba wangu hapa Kibera naye hudai kila mwezi, lakini yeye hana shida ya kutaja tarehe. Tarehe tano ikipita, mlango hupata kufuli jipya.

Kufuli bovu, kwangu, ni malighafi. Mafundi wa mapambo huku Kibera huyeyusha makufuli yaliyokufa na mifereji iliyovunjika wakapata shaba ya bangili na pete. Mifupa ya ng'ombe tunaitoa kwenye vichinjio, tunaichemsha mpaka mafuta yote yatoke, tunaikata kwa mashine, tunaipiga msasa, tunaichora kwa nta na kuitia rangi. Vumbi lake hukaa kwenye nyusi mpaka Jumapili. Muuza mifupa anataka pesa taslimu. Mashine haizunguki bila tokeni ya stima, na tokeni haikopeshwi eti mtalii yuko njiani. Kwa hiyo hereni ikifika dukani mjini, kila shilingi iliyomo ndani yake imetoka mfukoni mwangu. Mwenye duka ametoa msumari wa kuitundikia.

Tupige hesabu, maana mwenye duka hupenda kusema fundi hajui hesabu. Hereni imebandikwa bei ya shilingi 1,000. Mtalii anaomba apunguziwe, anapunguziwa 200, kwa tabasamu, kutoka upande wangu. Kamisheni ya asilimia thelathini inakatwa 300, kwa kuwa inahesabiwa kwenye ile 1,000 ya kwenye kibandiko, si kwenye 800 iliyoingia. Mchango wa meza ni 50. Mfuko wa karatasi wenye jina la duka, usio na jina langu, ni 20. Zinabaki 430, na hapo bado sijarudisha mifupa, stima, msasa na ndoano. Tena hizo 430 ni ahadi.

Sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Duka linalipa kodi, linalipa mlinzi na mtu wa kukaa pale kutwa nzima akieleza kwamba hii si pembe ya ndovu, ni ng'ombe, ndiyo, ng'ombe wa kawaida, yule wa nyama choma. Mimi siwezi kukata mifupa Kibera na wakati huohuo kutabasamu Westlands. Kazi hiyo ina ujira wake. Ninacholalamikia ni kwamba mwenye duka anafanya biashara kwa mtaji wangu, halafu nikiuliza habari za mtaji huo najibiwa kama niliyekuja kukopa.

Majibu yenyewe hufuata majira. Aprili na mvua zake utaambiwa, "Fundi, biashara imelala, wageni hawapo." Unavumilia. Julai watalii wanamiminika kwenda Mara kutazama nyumbu, unapiga simu ukiwa na matumaini. "Fundi, wageni ni wengi mno, hatujapata nafasi ya kupiga hesabu." Desemba mweka hesabu amekwenda mashambani. Januari kila mtu anajua ni Januari.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowatukana mabroka wa Maasai Market. Soko lile huhama kwa siku: Ijumaa liko Village Market, Jumamosi liko kwenye uwanja wa kuegesha magari pale Mahakama Kuu, na kila liendako mabroka wametangulia. Broka hana meza, hana kodi, hana risiti. Ana kikapu na mdomo. Humfuata mgeni, humwambia aokote apendacho bila kuuliza bei, kisha mwishoni hukaa naye chini wakapatana. Kwangu huja na swali moja: "Wataka ngapi?" Nikisema 500, mgeni huenda akatajiwa 2,000. Najua. Namwona kwa macho yangu akikunja tofauti na kuitia mfukoni. Lakini 500 yangu inaingia kwenye simu kabla mgeni hajafunga mkoba. Kwa hiyo tapeli wa sokoni ananilipa 500 leo, na duka lenye bango ukutani kuhusu haki ya mafundi linaniahidi 430 siku isiyojulikana. Ukiniuliza nani mnyonyaji, nitaomba muda wa kufikiri.

Kawangware nina mwenzangu, mama wa shanga. Yeye hupanda matatu ya 46 na bangili zake mpaka mjini, na ameshapitia yote: bangili zilizopotea zikaitwa "za maonyesho", bangili zilizorudishwa zimepauka kwa kukaa dirishani, bangili ambazo hazikuuzwa, hazikurudishwa, wala hakuna aliyewahi kuziona. Akanunua kitabu chenye karatasi ya kaboni. Kila akishusha mali, anaandika: bangili ngapi, bei gani, tarehe ya kuhesabiana, sahihi hapa. Mwenye duka alikasirika. "Mama, kwani huniamini?"

"Nakuamini sana, dada yangu," akajibu. "Hiki kitabu ni cha siku nikifa. Watoto wangu hawakujui."

Sahihi ilipatikana.

Na sheria, kumbe, haikutusahau. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931, na ndani yake mna kanuni ya mali inayopokewa kwa masharti ya kuuza au kurudisha. Aliyeipokea akakaa nayo kupita muda mliowekeana, bila kutoa taarifa kwamba haitaki, mali inahesabiwa kuwa yake, na bei anadaiwa yeye. Kama hamkuweka muda, unahesabiwa muda unaofaa. Nilifurahi nusura ninunue soda. Kisha nikaelewa kwa nini wajanja husema, "Sisi hatununui, fundi, sisi ni wakala tu, mali ni yako." Ni yangu ikipotea, ni yangu ikipauka, ni yangu ikidondoka na kuvunjika. Ikiuzwa ndipo inakuwa yetu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huko mbali mambo haya yalikwishapangwa. Shirika la Kimataifa la Biashara ya Haki, WFTO, lina kanuni kumi, na humo limeandika kwamba kwa kazi za mikono mnunuzi atoe angalau asilimia hamsini mapema, bila riba, mzalishaji akiomba. Yaani mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hajawahi kuliona banda langu, anaweza kunipa nusu kabla sijakata mfupa wa kwanza. Na huyu ambaye nikipanda matatu nafika kwake kabla chai haijapoa anataka nimsubiri.

Basi mafundi wenzangu, asilimia iwe swali la mwisho. Anza na tarehe, kisha uliza nani analipa kilichopotea, kisha uliza punguzo la mteja linatoka upande gani na kamisheni inahesabiwa kwenye bei ipi. Yaandikwe, nakala mbili, sahihi. Atakayekubali hayo yote na kukata asilimia arobaini ana nafuu kuliko anayekata ishirini kwa maneno matupu. Atakayekasirika kwa kuonyeshwa kitabu amekuokolea nauli ya kwenda kumdai.

Nawe mnunuzi, mbali na kumuuliza muuzaji hereni hii imetengenezwa na nani, ongeza swali moja dogo: na huyo fundi, ameshalipwa?