Kubana Matumizi ya Vitufe: Mwongozo kwa Katibu Asiyejihadhari

Ndugu katibu wa ushirika, hongera kwa laptopu. Msimu wa pamba ukifunguliwa hapo Shishiyu, wilayani Maswa, utakuwa na mizani upande huu na foleni upande ule, na kila mkulima atakuachia neno la kukumbukwa: huyu anadai chupa ya kiuatilifu, yule kaahidi magunia mengine Alhamisi, wa tatu kabadilisha namba ya simu ya kulipiwa. Makatibu wenzako wilayani huandika hayo kwenye kaunta buku, kwa kalamu iliyofungwa kamba. Wewe umeambiwa na mpwa wako aliyesoma kompyuta kwamba iko njia ya kuandika dokezo kwa kubonya vitufe vichache kabisa. Ipo kweli. Fuata maelekezo haya kwa uaminifu na msimu utakwisha hujaandika hata dokezo moja.

Jambo la kwanza, usiguse Notepad, ile programu ya kuandikia iliyokuja na Windows. Ni ya hatari. Ukiandika .LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza wa faili na kulihifadhi, basi kila utakapolifungua litajiandikia saa na tarehe mwishoni, nawe utaendelea hapohapo. Na kama faili tayari liko wazi, F5 inaweka saa na tarehe. Mambo yote ndiyo hayo. Utakuwa umejifunza kabla chai haijapoa, halafu utalazimika kurudi kwenye mizani.

Pili, usidharau elimu uliyonayo. Vijana walioandika "xaxa" na "cjui" kwenye simu za batani walichekwa na walimu wa Kiswahili, lakini hebu hesabu. Kwenye simu ile, S iko ya nne kwenye kitufe cha 7, na X iko ya pili kwenye kitufe cha 9. "Sasa" inadai mibonyo 10, "xaxa" inadai 6. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9. Walikuwa wahandisi wale. Wewe hamishia ujuzi huohuo kwenye laptopu, ambako S na X kila moja ni mbonyo mmoja, na "xaxa" haikupunguzii chochote ila heshima. Kisha nenda mbele zaidi: andika "gn uny alh". Utakapoisoma baada ya wiki mbili utaamua mwenyewe kama ni gunia lenye unyevu litakaloletwa Alhamisi, au gunia la Unyanyembe, mali ya Alhaji.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Weka Vim, programu nyingine ya kuandikia. Asili yake ni vi, aliyoianzisha Bill Joy huko Marekani mwaka 1976, akitumia mashine ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo maana mpaka leo herufi hizo hutembeza kishale. Usishangae ukiandika "kilo" na ikaonekana "lo" tu. Programu hii ina hali mbili kuu, ya kuamuru na ya kuandika, na wewe ulianzia kwenye ile nyingine. Ikifunguka bila faili huenda ukaona pia ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda, na hilo si utapeli. Mwenye Vim, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki Agosti 2023, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Programu aliitoa bure, akaomba anayeikubali awachangie watoto wale. Andika :help uganda usome maelezo. Kati ya saa zote utakazotumia kwenye mwongozo huu, hiyo ndiyo pekee isiyopotea.

Utamu wa Vim ni vifupisho. Ukiamuru :iab pb pamba, basi kila "pb" yenye nafasi mbele yake inageuka "pamba". Umeonja; sasa hutaacha. Neno unaloliandika mara nyingi kuliko yote ni "wakulima", kwa hiyo lipe kifupisho cha "wa". Halafu andika muhtasari: "mkutano wa bodi wa tarehe nne". Utapata "mkutano wakulima bodi wakulima tarehe nne". Kwa Kiingereza kosa hili lingejificha miezi. Kwa Kiswahili halimalizi sentensi moja. Dawa ipo: kila ukitaka "wa" ibaki "wa", bonya Ctrl-V kabla ya nafasi. Yaani sasa unalipia "wa" zote za lugha hii ili upate punguzo kwenye "wakulima". (Wapo wanaoepuka balaa hili kwa kanuni nyepesi: maneno yetu huishia kwa irabu, basi kifupisho kiishie kwa konsonanti, kama "wkl". Hao hawahitaji mwongozo.)

Kisha utachoka kuinyooshea mkono Esc kila unapotoka kwenye kuandika. Mabingwa huipa kazi hiyo "jk", kwa kuwa vidole vimekaa juu yake tayari. Hawakuwahi kuishi Tanzania, penye Jeshi la Kujenga Taifa. Siku moja utakuwa na haraka, utaandika kwa herufi ndogo "vijana jkt maswa". Vim itaipokea "jk" kama Esc. Kisha "t" na nafasi inayofuata zitatafuta nafasi nyingine mbele na kuikosa. Amri "ma" itaweka alama isiyoonekana. Halafu "s" itafuta herufi iliyo chini ya kishale na kukurudisha kwenye kuandika. Na "wa" iliyobaki, ukibonya nafasi, itakutana na kile kifupisho chako. Kwenye skrini: "vijanawakulima". Kwa Maswa si uongo mtupu, lakini sicho ulichoambiwa. Hapo "jj" ingekutosha, maana sijaona neno letu lenye j mbili zikifuatana.

Usisahau pia ule mstari wa kufanya alama za kunukuu zijifunge zenyewe, inoremap ' ''<Left>, na uuweke kwenye mipangilio kabla ya kuandika habari za mifugo. Kila ng'ombe atatoka ng'ombe'.

Ukifika hapa bado una nguvu, hamia Emacs, programu nyingine tena ya kuandikia, kwenye sehemu yake ya madokezo iitwayo Org, aliyoianzisha mwanafalaki Carsten Dominik mwaka 2003. Hapa nitasema kweli kidogo, kwa kuwa kitu ni kizuri: ukishaipangia Ctrl-c c, unaibonya popote ulipo, unachagua herufi ya aina ya dokezo, unaandika, unafunga kwa Ctrl-c Ctrl-c, nawe unarudi palepale ulipokuwa. Tarehe inajiweka ukiipangia %U. Mwenye aina moja tu ya dokezo, na faili moja la kuyapokea yote, atakuwa amefaulu. Kwa hiyo wewe weka aina 12: p ya pamba, d ya dengu, c ya choroko, v ya viuatilifu, m ya madai, M ya madai yenye ugomvi, na kadhalika. Mama mkulima akianza kusema habari ya gunia lililorudishwa, jiulize kwanza kama hiyo ni p, m au M. Atakungoja, hatakukatiza ukiwa umeinamia kazi. Akichoka ataaga kwa heshima na kuondoka na habari yake.

Mwisho ni umeme. Betri ya laptopu iliyonunuliwa mtumba haistahimili. Kama ulibaki na Vim, yenyewe huweka nakala ya akiba kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Mbanaji hodari hafiki 200, na mwenye haraka hatulii. Laptopu ikizimika na kuwashwa tena, faili ulilokuwa ukiandika litakupokea kwa tangazo refu la tahadhari. Chagua R, kirudi kilichookoka, hifadhi, kisha futa ile nakala yenye mwisho wa .swp; usipoifuta, kesho utaulizwa swali hilohilo.