Sifa za Breki Inayozama

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wameisifu jahazi, wamewasifu wapenzi wasiojibu barua. Hakuna aliyekumbuka kuisifu breki inayozama. Dhuluma hiyo imedumu tangu mwaka 1917, Mmarekani Malcolm Loughead alipopata hataza ya breki za mafuta, na leo, kwa heshima na taadhima, naikomesha.

Ninayoisifu ilikaa chini ya mguu wangu wa kulia, ndani ya Land Rover 109 niliyoinunua kwenye mnada wa magari chakavu. Leo imeshatibiwa, imekuwa ngumu, ndiyo maana naisifu nikiwa hai. Ilikuwa pedali mpole. Haikubisha. Ukiikanyaga ilikukaribisha, ikashuka nawe taratibu, na karibu na sakafu, ikiona umesisitiza sana, ilikubali kulizungumzia suala la kusimama.

Fadhila yake kuu ilikuwa kumfundisha mtu kuona mbali. Dereva mwenye breki nzima ni mtu wa leo tu: mbuzi akitokea leo, anasimama leo. Sisi wa breki laini tuliishi kesho. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami, na kabla sijatoka Chanika nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyosimama Manundu. Nikiwa Misima niliisoma Sindeni. Mbuzi wa barabara ile niliwajua kwa tabia: beberu anayekutazama usoni havuki, jike mwenye watoto huvuka, hukumbuka amemwacha mmoja, hurudi. Ng'ombe wa Wamaasai hawakunipa shida, kwa kuwa kijana aliyewachunga alishalijua gari langu na akiliona tu huinua fimbo mapema. Waendesha bodaboda niliwagawa makundi matatu: anayegeuza shingo kabla ya kukata kona, anayekata kona kabla ya kugeuza shingo, na anayefanya yote mawili huku simu imebanwa ndani ya kofia. Matuta niliyaota usiku. Safari moja nilianza kupunguza mwendo kwa ajili ya tuta ambalo mkandarasi alikuwa hajaliweka; nilipopita tena, lilikuwapo. Taifa limeandika Dira 2050. Wataalamu walioiandika wangeazimwa pedali ile hata kwa wiki moja, leo tungekuwa tunasoma Dira 2100.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Hakuna ndugu aliyeniomba kuazima gari. Abiria wangu, Waislamu kwa Wakristo, waliomba dua pamoja bila mkutano wa maridhiano. Gia nilizijua zote kwa sauti. Mguu wa kulia ulijaa misuli hadi wa kushoto ukaona wivu.

Ila upole haukuifanya iwe mnafiki. Breki laini humweleza ugonjwa wake yeyote mwenye subira ya kuiuliza. Ikanyage iende chini, irudie haraka. Ikipanda juu na kuwa ngumu, viatu vya breki viko mbali na ngoma. Gari la aina ile lina ngoma magurudumu yote manne, kila moja na bolti zake za kukazia: kaza mpaka gurudumu likwame, legeza kidogo, kazi imekwisha. Ikidundadunda chini ya mguu, kuna upepo. Ikandamize bila kuachia. Ikizama polepole wala hakuna tone lililovuja nje, raba za masta silinda zimechoka na mafuta yanapita ndani kwa ndani. Bado una shaka? Bana mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja unaokwenda nyuma. Pedali ikiwa ngumu, masta ni nzima. Achia mpira mmoja mmoja, na ule utakaoirudisha pedali chini ndio wenye kesi. Uchunguzi wote huo huisha kabla chai haijapoa, na haugharimu hata senti.

Sasa, Handeni ina jina kubwa nchini kwa waganga, na fundi wangu wa kwanza hakutaka kubaki nyuma. Hakuigusa pedali. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akatazama juu kwenye matawi ya mwembe wake, akapiga ramli.

"Masta hiyo, bosi."

Nikanunua masta. Breki ikazama.

"Basi ni silinda za mbele."

Kila gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, kwa hiyo nikanunua nne. Breki ikazama.

"Unajua, bosi, hizi gari za Mwingereza zina mambo yake."

Kisha spanaboi wake akajazia kwenye kikopo cha breki mafuta ya sterengi, kwa sababu yote ni mafuta. Si kweli! Mafuta ya sterengi huvimbisha raba za breki. Nilizozinunua mpya zikawa takataka. Mtu anakula hela ya masta na silinda nne kwa kubahatisha, na kubana mipira mitatu kumemshinda! Na bado anakuambia gari lako bovu!

Naomba radhi. Nilikuwa kwenye sifa.

Aliyeniponya ni mzee mmoja wa Korogwe ambaye jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuingia ndani na kukanyaga. Alikanyaga huku amefumba macho. Akabana mipira, akaachia, akasema, "Huu wa nyuma unavimba," akaubadilisha pamoja na raba zote zilizoharibiwa. Halafu akaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: mpira mwembamba unaoona ndani, ncha moja kwenye skrubu ya kutolea upepo, nyingine ndani ya chupa ya maji ya kunywa yenye mafuta ya breki kidogo. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Yakatoka mapovu, kisha mafuta yenye rangi ya kahawa. Mzee akaniambia mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi joto 205. Yakishalewa maji, 140 zinatosha. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa, mafuta hayakubali. Ndipo mtu anayeteremka kutoka Soni kwenda Mombo, breki zikiwa zimepata moto kwenye kona, hukanyaga na kukuta sakafu.

Kuna jambo ambalo mzee yule hakuliuliza nami sikumwambia. Gari lile, siku zile breki inazama, lilikuwa na stika ya ukaguzi. Mkaguzi alisimama nyuma ya gari, kalamu mkononi, akapaza sauti: "Dereva, kanyaga breki!" Nikakanyaga mpaka sakafuni. Taa nyekundu zikawaka. "Sawa, lete ya stika." Taa za gari lile, ndugu msomaji, huwashwa na swichi iliyo kwenye pedali. Zingewaka hata kama mfumo mzima hauna tone la mafuta. Alikagua balbu mbili akaandika kwamba gari linasimama. Nilipokuja kusimamishwa njiani breki zikiwa nzima kabisa, zinasimamisha gari mpaka kofia zinaanguka, nililipa faini ya shilingi 30,000 kwa sababu kizimamoto kilikuwa kimepitwa na tarehe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba breki yangu haikuwa na ugonjwa wa peke yake. Kila dereva wa gari kuukuu anaujua ujanja wa kupampu: kanyaga harakaharaka mara tatu, pedali inapanda, inakuwa ngumu kwa muda wa kutosha kumpita mkubwa, kisha inazama. Wilaya zetu zinaujua pia. Kiongozi akitangaziwa ziara, nyasi zinafyekwa, mawe yanapakwa chokaa, zahanati inapata dawa, bomba lililokauka tangu masika linatoa maji mbele ya kamera. Msafara ukishavuka Mto Pangani, bomba linakauka. Mwaka ujao tunapampu tena, na anayeuliza mbona pedali inazama anaambiwa hana uzalendo.

Halafu lori linapinduka kwenye mteremko, na tangazo linatoka siku hiyohiyo: gari lilifeli breki. Halikufeli. Lilisema kwa miezi, kila mguu ulipoligusa. Dereva alimwambia tajiri, tajiri akasema piga pampu twende. Fundi akauza masta. Mkaguzi akatazama taa. Katika mlolongo wote huo, pedali peke yake ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli, na ndiyo pekee inayotajwa kwenye tangazo kuwa mkosaji.

Kwa hiyo sitaki tume, sitaki semina, wala sitaki wiki ya maadhimisho yenye fulana. Napendekeza kifungu kimoja tu cha sheria: kila anayebandika stika kwenye kioo cha gari apande gari hilohilo, siku hiyohiyo, kutoka Soni mpaka Mombo, akae kiti cha mbele. Posho yake nitalipa mimi.