Jinsi ya Kuuza Mali ya Wote kwa Ridhaa ya Wote

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa mali ya umma, kisha akaanza kuiona kama yake. Mfano wetu ni .org, mkia wa anwani za intaneti ambao tangu 1985 umekuwa makao ya mashirika ya hisani duniani. Hatua zote zilijaribiwa mwaka 2019 na 2020, na nusura zizae matunda.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa isiyoepukika. Sabuni ikipanda bei, mtu ananunua ya jirani yake rafuni. Jina la kikoa halina jirani. Shirika la kulea yatima limeshachapa anwani yake kwenye bango la getini, kwenye barua, kwenye fulana za mbio za hisani na ubavuni mwa Land Cruiser. Likiacha kulipia, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine, hata muuza bahati nasibu. Kwa hiyo litalipa huku likinung'unika. Vikoa vya .org vimezidi milioni 10, zidisha mwenyewe.

Hatua ya 2: Ng'oa ukomo wa bei kabla mnunuzi hajabisha hodi. Bei ya jumla ya .org ilikuwa hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, likataka kuufuta ukomo huo, na kama ilivyo ada likaomba maoni. Yakaja zaidi ya 3,000, karibu yote ya kupinga. Tarehe 30 Juni 2019 mkataba ukasainiwa bila ukomo. Zingatia ufundi huo: maoni yanapokelewa, yanashukuriwa, yanafanyiwa muhtasari, kisha wadau wanaelezwa kuwa mkataba unaoanishwa na mingine. Aliyeandika asiseme hakushirikishwa. Jina lake limo kwenye orodha.

Hatua ya 3: Mnunuzi awe anawafahamu wenyeji. Akajitokeza Ethos Capital, kampuni iliyozaliwa mwaka huohuo. Miongoni mwa washauri wake alikuwemo Fadi Chehadé, aliyekuwa mtendaji mkuu wa ICANN hadi 2016. Hakuna sheria inayokataza mtu kukumbuka njia ya ofisi yake ya zamani.

Hatua ya 4: Patana kimyakimya, tangaza kwa ngoma. Novemba 2019, Internet Society, shirika lisilo la faida linalomiliki PIR, waendeshaji wa .org, lilitangaza kuwa linaiuza PIR kwa Ethos kwa dola bilioni 1.135. Wanachama wake wengi walipata habari siku moja na sisi wengine. Wakihoji, wajibu kwamba fedha hizo zitawafikishia intaneti wasio nayo. Nani atasimama kikaoni kuwapinga maskini?

Hatua ya 5: Toa ahadi inayosikika kama huruma. Ethos iliahidi kuwa bei haitapanda zaidi ya wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, kwa miaka minane. Hapa hakikisha hakuna mwenye kikokotoo karibu, maana kwa kasi hiyo dola 10 za leo ni zaidi ya dola 21 mwaka wa nane. Kelele zikizidi, ahidi baraza la usimamizi. Ethos iliahidi pia. Ukimpa mpinzani kiti, kibandiko cha jina na chai ya saa nne, hapigi tena kelele kama wale walioandamana nje ya makao ya ICANN, Los Angeles, Januari 2020.

Kosa la kuepuka. ICANN imesajiliwa California kama shirika la manufaa ya umma, kwa hiyo Mwanasheria Mkuu wa jimbo ana haki ya kuuliza manufaa hayo yako wapi. Kelele zikamfikia. Tarehe 15 Aprili 2020, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Xavier Becerra, aliiandikia ICANN akiitaka iukatae mpango. Wiki mbili baadaye, tarehe 30, bodi ikaukataa. Ikataja, pamoja na mengine, deni la dola milioni 360 ambalo PIR ingebebeshwa, na kugeuzwa kwake kuwa chombo cha faida. Hoja hizo umma ulikuwa umezirudia kwa miezi, ila umma hauna mamlaka ya Mwanasheria Mkuu.

Kwa hiyo, ukirudia zoezi hili, usipoteze usingizi kwa sababu watu wote wanapinga. Kauli moja ya umma haina meno hadi impate mwenye meno. Chunguza kwanza umesajiliwa wapi, na nani huko husoma barua zake. Wala usiwalilie sana walioshindwa: mauzo yalikufa, lakini mkataba wa Hatua ya 2, ule uliopingwa na karibu kila aliyeandika, haukufa pamoja nayo.