Msondo Wamefika Mwanza

ALHAMISI

Maji yamekatika Kiseke tangu alfajiri. Shati jeupe limo kwenye beseni na povu lake. Saa nne gari la matangazo limepita likitangaza kwamba Msondo Ngoma wanapiga mjini Jumamosi, ila kila likifika kwenye jina la ukumbi spika inakoroma. Ukumbi nimetajiwa na muuza mkaa.

Nimempigia mjomba, yuko Buswelu. "Shikamoo mjomba, Msondo wanakuja." "Marahaba. NUTA hao?" Kwake bado ni NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, enzi ambazo mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadilika na bendi ikabadili jina: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, mpaka likabaki hili la Msondo, ambalo ni la mtindo wao wenyewe. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anauliza kiingilio, salio likaisha.

IJUMAA

Maji yamerudi saa tisa usiku, rangi ya tope. Nimefua hivyo hivyo. Jioni upepo wa ziwani umekata kamba na shati limeangukia dagaa wa jirani walioanikwa kwenye turubai. Tumelisuuza naye mara mbili, harufu haijatoka. Nitavaa la kitenge.

JUMAMOSI

Umeme hakuna, nimenyoosha kwa pasi ya mkaa. Mtoto wa jirani amekuja mbio nyuma ya mpira, akagonga meza, kaa likaruka na kutoboa kola. Nimevaa.

Daladala tuliyopanda na mjomba imepata pancha kabla ya Kirumba. Mjomba hapandi bodaboda kwa sababu ya nyonga, kwa hiyo tumetembea taratibu, yeye na fimbo yake, hadi tulipopata bajaji. Tumefika bendi imeshaanza. Viti vilivyobaki viko nyuma ya nguzo, na changu hakina egemeo. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa, wanadondokea kwenye soda.

Halafu nikasikia gitaa la solo na la rithimu yakijibizana, nikasimama, na sikukaa tena.

Wimbo wa dansi hauna haraka. Kwanza unasimuliwa kisa chote, mke, mume, wakwe, deni. Waimbaji wanapokezana, matarumbeta na saksafoni yanaitikia kati ya beti. Wakishakwisha kusema ndipo drams zinabadilika na chemko linaingia. Anayekata wimbo wa namna hii katikati ili uenee redioni anaharibu kazi ya watu.

Mjomba alikuwa akiwataja wasiokuwepo. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwamo tangu mwanzo, akahamia Mlimani Park mwaka 1978, baadaye Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo, alifariki 2014. TX Moshi William, aliyefariki 2006. Kila jina alilitaja akiwa ametazama jukwaani, na kila mara akaongeza, "Lakini hawa nao wanaimba."

Katikati ya chemko umeme ukakatika ukumbi mzima. Magitaa yakanyamaza papo hapo, besi nayo. Matarumbeta hayakunyamaza. Saksafoni haikunyamaza, wala tumba wala drams. Mwimbaji mmoja akaweka maiki chini, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa na kuendelea kuimba kwa kifua chake, na watu wakapokea kiitikio kwa sauti mbili kama kwaya. Jenereta ilikuwa haina petroli. Kijana akatumwa na dumu. Muda wote huo wapuliza ala walikuwa wakizunguka kwenye kipande kile kile bila kukiharakisha, jasho likiwatiririka. Taa ziliporudi, mpiga solo aliingia mahali penyewe hasa, kana kwamba na gitaa lake lilikuwa likilia muda wote. Mjomba alikuwa analia. Nami pia.

Nimeona wasanii wengi wakiimba juu ya santuri iliyorekodiwa tayari. Umeme ukikatika pale, hakuna kinachobaki.

JUMAPILI

Sauti imenikauka. Mjomba amepiga simu. Nyonga inamuuma, na anauliza watarudi lini.

Hakuna tena chama cha wafanyakazi kinachowalipa mshahara. Sasa ni kiingilio cha mlangoni na mialiko. Wakirudi Kanda ya Ziwa, wasomaji wangu, msingoje vipande vya kwenye simu. Lipeni kiingilio kamili, waleteni vijana wenu, na mkae mbele, upande wa matarumbeta.