Kaptula Ndani ya Jamia

Ntsk! Mrudishieni kijana simu yake, mimi nishaona. Ati alienda kutalii Msikiti wa Jamia, Nairobi. Picha yenyewe ni yeye na kaptula juu ya magoti, vidole viwili hewani, na nyuma yake mzee wa watu amesujudu. Nyayo za mzee zimetoka vizuri kuliko uso wako, ndugu yangu. Ulimwomba ruhusa saa ngapi?

Na sisi wa hapa Makutano, gari za Embu na Meru zinapokata kulia, ndio tungejua uchungu wa kulengwa kamera. Si juzi mtalii alifungua dirisha, akampiga mama wa ndizi picha tatu, gari likang'oa nanga bila yeye kununua hata kichana? Mama alitukana mpaka gari likapotelea njia ya Mwea. Leo mwenzetu kafanya yaleyale, tena ndani ya nyumba ya ibada.

Halafu muulize aliona nini. "Makuba." Mangapi? Anakuna kichwa. Ni matatu, bana, na minara miwili. Ujenzi ulianza 1925 ukaisha 1933, kazi ya Waislamu waliotoka Bara Hindi, wakati Nairobi ilikuwa bado kamji ka juzijuzi. Reli ilifika hapo 1899. Na geuza shingo kidogo uone jirani yake, maktaba ya McMillan. Ile ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Babu yako angefukuzwa pale mlangoni hata akiwa na suti. Hayo ndiyo ya kwenda kutazama, si kujitazama wewe mwenyewe kwenye simu.

Mimi sisemi asiye Mwislamu asiende. Aende! Tunashuka steji ya Tea Room huko Nairobi kila wiki, tunakimbilia soko la Gikomba, tunarudi na mizigo, na Jamia tunaijua kwa spika ya adhana peke yake. Lakini mgeni hubisha hodi. Ulizia langoni, wakwambie saa ambayo si ya swala. Ijumaa adhuhuri usijaribu, watu hujaa hadi barabarani. Viatu unavua, suruali ndefu unavaa, na mama anajifunika kichwa. Kule Kampala, kwa msikiti wa Gaddafi, wamemaliza ubishi: mtalii analipa, mwanamke aliyekuja na nguo fupi anaazimwa ya kujifunga, mwenyeji anawatembeza, mnapanda mnara mnaona mji mzima. Hakuna anayenung'unika.

Ehe, unasemaje? Ungevaa suruali, wangekufukuza kwa sababu wewe ni wa PCEA?

Ntsk! Nani atakuuliza kadi ya kanisa mlangoni? Futa kwanza hiyo picha ya mzee. Futa tukiona, na usitwambie ati chaji imeisha.